Gandisha kitoweo, uji upike leo

Mtoto anayebaki nyumbani wakati mama yuko kazini hula kile kinachoiva upesi, na kinachoiva upesi ni uji. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji uleule uliokaa kwenye chupa ya chai. Tumbo linajaa, mtoto analala, na kila mtu anaona mambo yako sawa. Lakini akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo huwa imepungua sana afikapo miezi 6. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayana chuma cha kuifidia, na uji mtupu wa sembe nao hauna. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtoto mnene wa uji, viganja vimepauka kwa upungufu wa damu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu dawa yake iko hapa Tanga, soko la Mgandini na soko la samaki la Deep Sea, kila siku: maini, kunde, mchicha, dagaa, samaki wadogo. Tunachokosa wengi wetu ni muda wa kuvipika.

Mimi ninauza vitambaa dukani, Ngamiani. Naondoka nyumbani Makorora saa moja asubuhi, narudi magharibi. Siku ya kazi siwezi kukaa na sufuria ya maharage, na sitaki kumtwisha binti anayenisaidia kazi ya kusafisha maini na kutoa miiba ya samaki huku mtoto yuko mgongoni. Kwa hiyo Jumapili napika kitoweo na mboga za mwanangu, nasaga, nagandisha kwenye trei za barafu. Uji, ndizi, viazi na wali hupikwa kila siku, vipya vipya. Mpango wangu wote umesimama hapo: friza ni ya kitoweo na mboga, wanga ni wa siku hiyohiyo.

Wanga nauacha nje kwa sababu. Uji ukigandishwa kisha ukayeyushwa, maji yanajitenga juu na chini kunabaki mabonge. Viazi mviringo vinakuwa punjepunje. Wanga uliopikwa ukipoa na kuganda hujibana na kuyasukuma maji nje, na hata ukoroge vipi haurudi ulivyokuwa. Haumdhuru mtoto, ila anautema, nawe unadhani amekataa kula. Wali una hatari yake zaidi. Kuna vijidudu vinavyoacha mbegu ndani ya mchele, mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa kwenye joto zinaamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali wa mtoto upikwe na uliwe. Halafu uji wa ulezi au sembe ni kazi ndogo, binti yeyote anaiweza.

Ndizi mbivu na parachichi usihangaike kuzigandisha, zinageuka rangi na hazina kazi yoyote ya kuandaa. Ponda kwa uma mbele ya mtoto. Yai la kuchemsha likiganda ute wake unakuwa mgumu. Tikiti na tango vinabaki maji. Vinavyokubali vizuri ni boga, karoti, njegere, mchicha, matembele, maharage, kunde, choroko, nyama, maini, samaki na embe. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, ni wanga pia, lakini vikisagwa pamoja na boga havijitengi sana, nami huvigandisha bila wasiwasi.

Kabla hujawasha jiko

Unahitaji sufuria yenye mfuniko unaobana, blenda au kinu kidogo kisichotwangiwa vitunguu saumu na pilipili, chujio la waya, trei mbili za barafu, makopo ya plastiki yenye vifuniko, selotepu ya karatasi na kalamu ya maka. Trei za mpira laini ni nzuri kwa sababu unasukuma kipande kwa kidole kinatoka, lakini za plastiki za kawaida zinafanya kazi ileile. Chukua kijiko cha chakula ujaze tundu moja la trei kwa maji ujue linachukua vijiko vingapi. Trei nyingi huchukua vijiko 2, yaani mililita 30 hivi, na kipimo hicho kitakusaidia kila siku kujua mtoto amekula kiasi gani.

Usafi wa vyombo ndio unaonifanya nisimame jikoni muda mrefu kuliko kupika kwenyewe. Blenda usiioshe kwa kuzungusha maji ya sabuni ukaridhika. Fungua kitako chake, toa kisu, kisha toa ule mpira mwembamba wa mviringo unaokaa chini ya kisu. Ukiugeuza utaona utando wa chakula cha juzi umejificha kwenye mfereji wake, na harufu yake utaisikia kabla hujaukaribisha puani. Sugua kwa mswaki mpya ulioutenga kwa kazi hiyo. Trei na makopo osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza kwa maji yaliyochemka, uvipindue vikauke kwa hewa. Usivifute kwa kile kitambaa kinachoning'inia jikoni. Ndicho chombo kichafu kuliko vyote humo ndani.

Kuhusu friza yenyewe, angalia nyota zilizochorwa mlangoni au kwenye kichumba cha barafu. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, na chakula kilichogandishwa hukaa humo wiki moja tu. Nyota mbili ni nyuzi 12 chini ya sifuri, mwezi mmoja. Nyota tatu ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na hicho ndicho kiwango kinachotakiwa. Friji nyingi ndogo za mlango mmoja zina kichumba cha nyota moja. Barafu inaganda humo, ndiyo, lakini isikudanganye ukaweka maini ya miezi miwili. Kama yako ni ya aina hiyo, pika kidogo, kitumike ndani ya wiki.

Maini

Naanza na maini kwa sababu ndiyo yenye chuma kingi na ndiyo wengi huogopa kumpa mtoto. Nunua robo kilo ya maini ya ng'ombe, asubuhi, kabla jua halijapanda. Yaoshe, kisha tafuta ukingo wa ule utando mwembamba wa juu, uunyanyue kwa ncha ya kisu na kuuvuta. Ukiwa na bahati unatoka wote kwa mkupuo. Toa na mishipa migumu ya katikati. Kata vipande vyembamba. Chemsha kwa maji yanayofunika tu, pamoja na nusu kitunguu na nyanya moja iliyomenywa, mpaka ukikata kipande kinene kuliko vyote ndani hakuna wekundu hata kidogo. Kwa moto wa wastani dakika 15 zinatosha. Chumvi usitie. Mtoto chini ya mwaka mmoja haihitaji, wala sukari haihitaji, na asali ni marufuku kabisa kabla ya mwaka kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha misuli yake.

Kusaga maini kuna siri ndogo. Ukiyasaga makavu yanakuwa mchanga mdomoni. Yasage yangali ya moto, pamoja na mchuzi wake wote, ukiongeza boga lililoiva kiasi sawa na maini. Boga ndilo linaloyashika. Kisha pitisha kwenye chujio la waya ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Utakachopata ni kitu laini cha rangi ya udongo mwekundu, kinachong'aa kidogo.

Maini yana vitamini A nyingi mno, na mwili hauitoi upesi, kwa hiyo mara moja kwa wiki yanatosha. Vipande 2 siku ya maini. Siku nyingine tumia nyama ya kawaida isiyo na mafuta, ichemshwe mpaka ilainike kabisa, isagwe na supu yake kwa namna hiyohiyo.

Kunde, maharage na majani

Kunde nimefundishwa na mama mkwe wangu, na sijaona njia bora. Loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, halafu tia mikono yote miwili uzisugue kunde kati ya viganja. Maganda yanavuka yenyewe na kuelea. Mimina maji polepole yaondoke na maganda, ongeza mengine, sugua tena, mpaka zibaki nyeupe. Hapo zinaiva haraka, zinasagika laini, na tumbo la mtoto halijai gesi kama anapokula na maganda.

Maharage mekundu nayo loweka na umwage maji ya kulowekea, lakini hayo lazima yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo kabla hujapunguza moto. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu. Moto mdogo mdogo hauivunji, na mtu mzima mwenyewe akiyala hayajaiva hutapika.

Mchicha na matembele pika mwisho, dakika chache, kwa maji machache, ukiwa umefunika. Saga pamoja na kunde na uingize kwenye friza siku hiyohiyo, kwani majani yaliyopikwa hayafai kukaa kwenye friji siku mbili tatu. Kisamvu nimeamua kukiacha mpaka mtoto awe mkubwa. Kibichi kina sumu inayotaka kutwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu, na kwa nini nijipe shaka wakati matembele yapo?

Kuna jambo la machungwa hapa. Chuma cha kunde na mboga za majani mwili hukichukua kwa shida, lakini vitamini C hukisaidia kupita. Sisi watu wa Tanga machungwa ya Muheza yanatupita mlangoni kwa mikokoteni. Baada ya mlo wa kunde, mpe mtoto vijiko viwili vya juisi ya chungwa iliyokamuliwa hapo hapo, au papai. Chai usimpe. Chai, ya rangi au ya maziwa, hukizuia chuma kisiingie, na bado naona watoto wa miezi minane wakichovyewa mkate kwenye chai.

Boga na karoti

Haya hayana maneno mengi. Karoti za Lushoto, boga, viazi lishe. Menya, kata vipande vilivyolingana, pika kwa maji machache mpaka kijiko kizame, saga na maji yaleyale yaliyobaki kwenye sufuria kwa sababu ndiyo yenye vitamini zilizotoka. Embe liwe limeiva, lisagwe bila kupikwa, na lichujwe nyuzi. Embe likiyeyuka nachanganya na uji wa asubuhi na sihitaji sukari.

Samaki

Napenda changu na tasi. Papa na samaki wengine wakubwa wanaowinda wenzao waache, hukusanya zebaki mwilini kadiri wanavyoishi. Fika Deep Sea mapema, jicho la samaki liwe angavu limejaa, mashavu ukiyafunua yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi.

Chemsha samaki mzima kwa maji ya ndimu kidogo mpaka nyama iachane na mfupa. Hapa usiwe na haraka. Chukua mnofu wa mgongo peke yake. Nyama ya tumbo waachie wakubwa, kwa maana miiba yake ni myembamba na imepinda, inajificha. Kaa karibu na dirisha na sahani nyeupe. Chukua mnofu kidogo kidogo, usugue kati ya kidole gumba na cha shahada, mpaka umehakikisha kila tonge. Usiitegemee blenda ikumalizie mwiba. Inaukata vipande vidogo zaidi ambavyo hutaviona tena. Ukishachambua, ponda kwa uma pamoja na boga na mchuzi wa nyanya, ndipo ugandishe.

Samaki aliyegandishwa akiwa mbichi anaweza kupikwa na kugandishwa tena akiwa ameiva. Kisichoruhusiwa ni kuyeyusha chakula kilichokwisha pikwa kisha kukirudisha kwenye friza.

Kupoza

Hapa Tanga, Januari mpaka Machi, jiko langu la mchana lina joto ambalo vijidudu wanalipenda. Kwenye nchi za baridi wanasema chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, muda huo unakuwa saa moja, na mimi naishika saa moja mwaka mzima. Sufuria ya chakula kilichosagwa iweke ndani ya beseni la maji baridi yenye barafu, maji yafike nusu ya ubavu wa sufuria, koroga kila mara. Ukiona maji ya beseni yamepata uvuguvugu, yabadilishe. Kwa kawaida kabla ya nusu saa chakula kimepoa. Usikiingize cha moto kwenye friza, kitayeyusha vya jirani yake.

Jaza trei, usifike ukingoni kwa sababu chakula kikiganda kinatanuka. Funika kwa plastiki safi, laza trei sawasawa. Kesho yake asubuhi vipande vimekuwa vigumu; vitoe haraka, viingize kwenye kopo, toa hewa kadiri uwezavyo, bandika selotepu, andika jina la chakula na tarehe. Andika kweli. Maini na maharage yakishaganda yanafanana rangi, na kumbukumbu ya mtu aliyeamshwa mara tatu usiku haiaminiki. Vya nyama na samaki tumia ndani ya miezi 2. Mboga na matunda hukaa zaidi, lakini sioni sababu ya kuyaweka zaidi ya miezi 3 wakati soko liko jirani.

Siku ya kula

Usiku natoa vipande vya kesho, naviweka kwenye bakuli lenye mfuniko sehemu ya chini ya friji. Nikisahau, binti anavitia vikiwa vigumu kwenye sufuria ndogo na vijiko viwili vya maji, moto mdogo. Hakiyeyushwi kitu juu ya meza. Nje kunayeyuka kwanza, vijidudu wanaanza kuzaliana huko wakati katikati bado ni barafu.

Wakati huo uji wa ulezi au ndizi za kupika zinaiva upande wa pili. Vipande vikichemka mpaka vinatoa mvuke na kububujika kila mahali, si pembeni tu, vinachanganywa na uji, na kijiko kidogo cha mafuta au tui bubu la nazi iliyokunwa siku hiyo. Tui huwa sigandishi, linajikata. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko ukikiinamisha. Ule wa kunyweka unajaza tumbo kwa maji. Poza, onja kwa kijiko kingine, lisha kwa kikombe na kijiko.

Anapoanza, miezi 6, vijiko 2 au 3 vya chakula kwa mlo vinatosha, mara 2 au 3 kwa siku, na taratibu unafika nusu ya kikombe cha mililita 250. Miezi 9 mpaka 11 ni nusu kikombe, mara 3 au 4, na vitafunwa kidogo katikati. Akitimiza mwaka anakwenda robo tatu mpaka kikombe kizima. Ziwa linaendelea mpaka miaka 2 au zaidi. Mama uliyeajiriwa, ujue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kila siku ndani ya muda wa kazi. Ziombe bila aibu.

Chakula kipya, hasa yai, samaki, karanga na maziwa ya ng'ombe kwenye upishi, anza nacho kimoja kimoja, kidogo, asubuhi, ukiwa nyumbani, usubiri siku mbili tatu kabla ya kingine. Akivimba midomo, akitoka upele mwili mzima, akitapika sana au akihema kwa shida, ni hospitali moja kwa moja.

Kilichobaki kwenye bakuli la mtoto akishakula kimwagwe. Kijiko kimeingia mdomoni kikarudi, mate yamechanganyika, na mate huleta vijidudu pia huyeyusha wanga, ndiyo maana uji uliobaki unakuwa maji. Kumwaga chakula kunauma, najua. Dawa ni kupakua kidogo na kuongeza.

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Pangani akaona kopo la friza, alishtuka. "Mwanangu, mtoto unampa barafu, kifua chake je?" Nikamwambia, "Mama, kaa hapa jikoni uone." Akasimama mbele ya jiko mpaka sufuria ikabubujika, akaweka tone nyuma ya kiganja chake, akaonja. Akasema, "Haya, ni chakula. Ila kesho kunde nitakusugulia mimi." Ninalieleza hili kwa sababu kila nyumba ina bibi, na hofu yake ni ya mapenzi. Usibishane naye kwa maneno, mwonyeshe sufuria inavyochemka.

Umeme ukikatika

Usifungue mlango. Friza iliyojaa hushikilia baridi saa 48 ikiwa imefungwa, iliyojaa nusu ni saa 24. Kwa sababu hiyo nafasi tupu naijaza chupa za maji yaliyoganda. Lakini je, ukatike ukiwa kazini au safarini, urudi umewaka, utajuaje kilichotokea? Gandisha kikombe cha maji, kisha weka sarafu juu ya barafu, kikae ndani ya friza siku zote. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama, maji yaliyeyuka yakaganda upya, na chakula cha mtoto nacho kiliyeyuka. Mwaga chote. Ukifungua wakati umeme bado haujarudi na ukakuta vipande vina barafu ndani, vipike upya, mtoto avile leo au wakubwa wamalizie. Vilivyolainika na kupata uvuguvugu havina mjadala.

Kama huna friza

Usiazime friza ya duka linalouza barafu na maji, inafunguliwa mchana kutwa. Fanya dagaa. Dagaa wa pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo toa vichwa na matumbo, walowekee maji ya uvuguvugu, suuza mara kadhaa mchanga na chumvi vitoke, waanike wakauke kabisa, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wavunjike kwa vidole, watwange na uchekeche. Unga huo weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko, kijiko kimoja kidogo kwenye uji wa mtoto. Karanga nazo unaweza kukaanga na kusaga ziwe laini kabisa, lakini zichague moja moja: iliyosinyaa, yenye rangi ya ajabu au ukungu itupwe. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaanga, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Karanga nzima mtoto mdogo asipewe kabisa, zinakaba.

Usikwame kwenye laini

Trei zikikaa vizuri ndani ya friza kuna kishawishi cha kuendelea kusaga mpaka mtoto ana mwaka. Usifanye hivyo. Akifika miezi 8 acha chujio, punguza kusaga, ponda kwa uma mabonge madogo yabaki. Mpe kipande laini cha boga akishike mwenyewe. Miezi 9 na 10 ndiyo anayojifunza kutafuna, na mtoto aliyezoeshwa laini tupu kupita hapo huwa mgumu kukubali chakula chenye vipande. Kwenye selotepu mimi naandika pia "laini" au "bonge", ili binti asichanganye.

Akitimiza mwaka atakula chungu kimoja na nyumba nzima, ukimtolea chake kabla ya chumvi na pilipili. Vipande vitakavyokuwa vimebaki kwenye kopo, vya maini, kunde na boga, vitie kwenye mchuzi wa wakubwa. Vinaufanya mzito na hakuna atakayejua.